Umegongwa Kinango, wakili yuko Mombasa: tupeane uzoefu

Mtongwe_Leo:
Jamani wa Pwani, habari za saa hizi. Binamu yangu wa Kinango, kaunti ya Kwale, aligongwa na lori akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, njia ya kutokea Samburu. Mguu umevunjika, wametia vyuma. Kule kwao ukiulizia wakili unaambiwa nenda Mombasa, na Mombasa kila mtu ana wakili wake wa kukuuzia. Waliopitia haya tupeane uzoefu: mlimpataje, alilipwa vipi, kesi ilikwendaje. Wa Kwale, Kilifi, Taita, Tana River, karibuni wote. Majina ya hospitali, kampuni na mawakili tuyaache.

NaziMbichi:
Pole sana kaka, na huyo binamu apoe. Jihadharini kwanza na madalali wa kesi. Mimi nimelazwa, bega limefungwa, saa mbili usiku anaingia kijana na fomu iliyojazwa nusu. Muhuri wa wakili ushapigwa, na pale pa kuweka kidole gumba pana alama ya kalamu ya risasi. Wino alikuja nao mfukoni! Mke wangu akamuuliza, "Huyo wakili mwenyewe yuko wapi?" Akajibu yuko kortini. Saa mbili usiku, korti gani hiyo?

Sheria ya Mawakili inakataza wakili kutafutiwa wateja namna hii. Wetu tulimpata kwa jirani aliyemtumia kwenye kesi ya shamba, na kabla ya kutia sahihi mwanangu akaliangalia jina kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili. Leseni yao ni ya mwaka mmoja mmoja, kwa hivyo angalia kama ya mwaka huu anayo. Ni bure na simu inatosha.

Binti_Kaloleni:
Nakubaliana na NaziMbichi. Mimi niongeze la pesa, maana ndipo wengi wanapolia. Wakili wa kwanza niliyemwendea alitaka asilimia 30 ya fidia, tusiposhinda hadai kitu. Masikioni mtamu sana. Lakini Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiyatambui mapatano ya kulipana kesi ikishinda tu. Ada zina utaratibu wake rasmi, na ukishinda, mara nyingi korti humwamuru aliyeshindwa alipe gharama. Najua wengi wanakubaliana hivyo hivyo kimyakimya, na siwalaumu, mtu hana hata nauli ya kutoka Kaloleni. Ila ndiyo mianya ya kuja kukatwa nusu ya hela na usiwe na pa kushika. Wa pili alinipa barua: ada yake hii, ya kufungua kesi hii, ya ripoti ya daktari hii. Nikaenda na huyo.

Ami_wa_Makuti:
Mtongwe_Leo mwanangu, wakili ni hatua ya pili. Ya kwanza ni makaratasi, na makaratasi yanapatikana huko huko kijijini. Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali, ambayo ndani yake muna namba ya gari, mwenye gari na kampuni ya bima. Fomu ya P3, ile ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha, na hiyo hailipiwi, anayekudai pesa anakudanganya. Karatasi za matibabu zote, hata ile ya zahanati ya mwanzo iliyomfunga mbao kabla ya kumpeleka hospitali kubwa. Risiti hata za teksi. Jina la mwenye gari likiwa na utata, wakili huomba rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani.

Na msione Mombasa ndiyo lazima. Kesi yaweza kufunguliwa pale ajali ilipotokea. Kwale pana korti, Mariakani pana, Kaloleni pana, Msambweni pana. Tangu 2024 mahakama za nchi nzima zinapokea kesi kwa mtandao, na mara nyingine kesi husikizwa kwa video. Wakili aweza kukaa Mombasa na wewe ukabaki kwenu.

Pwani_Tambarare:
Hakuna haraka ami, kesi haiozi. Apone kwanza.

Ami_wa_Makuti:
Isiyooza ni jinai, yakhe. Madai ya kuumia yana miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama gari ni la serikali, miezi 12 ikipita muda umeisha. Mtoto ndiye anayehesabiwa kuanzia anapofika miaka 18. Nimeona watu wanakuja mwaka wa nne na faili safi kabisa na haina kazi.

Mawe_Jaribuni:
Mimi niliumia kazini, machimbo ya mawe Kilifi, mashine ilinikata vidole viwili. Msichanganye njia. Ukiumia kazini huanzi kortini, unaanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, chini ya sheria ya fidia ya 2007. Mwajiri anatakiwa apeleke taarifa ndani ya siku 7, na dai lako liwe limefika ndani ya miezi 12. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo kuwa halali 2019. Tajiri wangu alisema "tutaelewana." Mara nikaona ananiletea unga na mafuta kila Ijumaa, fomu haijazi. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya kazi Mombasa ndipo fomu ikatoka.

Voi_Kavu:
Huku kwetu anayegonga ni ndovu 😅 Nayo ina njia yake: unaripoti kwa KWS, shirika la wanyamapori, dai linapitia kamati ya kaunti. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema kifo milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Kulipwa sasa, andaa subira.

Binti_Kaloleni:
Kwa asiye na kitu, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, na iko Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Hata wasipoibeba kesi, waulize wakusomee karatasi kabla hujatia kidole. Dai lisilozidi milioni 1 laweza kwenda Korti ya Madai Madogo, na pale unaruhusiwa kujisemea mwenyewe.

NaziMbichi:
Na kuna watu wa bima. Plasta haijatolewa wanakuja na elfu arubaini na karatasi ya "nimeridhika." Ukishaitia sahihi, mguu ukija kupinda huna la kudai tena.

Mtongwe_Leo:
Wallahi mmenifungua macho. Swali moja: mwenye bodaboda ametoroka, watu wanasema yuko Tanga, na mwenye lori anadai kosa ni la boda. Tumfuate nani? Na binamu hakuwa na helmeti.

Ami_wa_Makuti:
Abiria hakushika usukani. Washtakini wote wawili, korti ndiyo itakayowagawia lawama, huyu asilimia ngapi na yule ngapi. Kukosa helmeti kunaweza kumpunguzia fidia, lakini aliyevunjika ni mguu, wakili wenu ana la kujibu hapo. Abstrakti imetoka?

Mtongwe_Leo:
Bado. Wanasema ofisa mpelelezi yuko likizo.

Ami_wa_Makuti:
OB haiendi likizo. Nenda na kitambulisho cha binamu, umuone OCS, mkuu wa kituo, mwenyewe.

Mtongwe_Leo:
Sawa ami. Kesho napanda matatu ya Kinango ya asubuhi.