Kampuni za "wikiendi Lengai" zinatuuzia volkano hai kama pikniki ya Coco Beach

Wakuu, nimekaa na hili jambo nikitegemea litapoa. Halijapoa.

Kuna hii biashara imeshamiri ya safari za wikiendi kwa wazawa. Bango linasambazwa Instagram na magrupu ya WhatsApp: panda Mlima wa Mungu (ndiyo Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron), oga kwenye maporomoko, piga picha na flamingo, laki tatu na themanini, kila kitu ndani. Utalii wa ndani naupenda na nimeupigia debe hapa hapa jukwaani. Kinachoniudhi ni kwamba baadhi ya wanaouza safari hizi hawaujui kabisa mlima wanaouuza. Kampuni siitaji, waliokuwemo kwenye gari wanaijua.

Tuanze na bango lenyewe. Wameweka picha ya lava nyekundu inaruka juu usiku. Ol Doinyo Lengai haitoi lava ya namna hiyo! Ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya natrokabonatiti, yenye magadi na chokaa badala ya silika (madini yaliyo kwenye mchanga). Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, wakati lava za kwingine nyingi, kama za Hawaii, zinapita 1,000. Mchana unaiona nyeusi, nyepesi, inachuruzika haraka, na ikishapata unyevu inageuka nyeupe. Ule weupe wa kileleni ambao abiria wenzangu walikuwa wanabishana kama ni theluji ndio huo. Una kitu cha kipekee dunia nzima, halafu unaenda kuiba picha ya Hawaii?

Walituahidi pia "kushuka kuigusa lava". Ule mlipuko wa 2007 na 2008 ulichimbua kreta (mdomo wa volkano) ya kaskazini ikabaki shimo refu lenye kuta wima. Unasimama ukingoni unachungulia, na ukingo wenyewe unamomonyoka, ndiyo maana mwongozaji wetu alikuwa anafoka kila mtu akisogea na simu. Wa kuyasema haya ni muuzaji, tena kabla hajapokea hela, siyo kumwachia kijana wa watu aje kuyapigia kelele kule juu alfajiri.

Sasa njoo kwenye kupanda. Waliozoea mlima ule wanaanza saa tano au saa sita usiku, ili jua likichomoza uwe juu na uwahi kushuka kabla halijakuwa kali. Sisi tumeanza saa tisa. Sababu? Gari lilikwenda kufuata kundi lingine, maana wameuza nafasi nyingi kuliko magari waliyonayo. Lengai hauna mzunguko wa taratibu, njia inapanda wima juu ya majivu yaliyoganda na kokoto, hatua mbili mbele, moja inarudi. Huku juu unatumia mikono. Hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna maji. Na kundi zima tulipewa mwongozaji mmoja.

Mmoja, wakuu.

Kwa hiyo katikati ya mteremko dada mmoja akaishiwa nguvu, na kaka mwingine tumbo likamkataa. Wanataka kushuka. Nani awashushe? Mwongozaji akishuka nao, sisi wengine tunabaki gizani bila mtu anayejua njia. Akiendelea nasi, wale wawili wanabaki peke yao. Yule kijana wa Kimasai, amevaa katambuga na shuka lake, alisimama akatuangalia, akamvalisha dada tochi yake ya kichwani, akawakalisha nyuma ya jiwe na kuwaambia wasiinuke mpaka tutakaporudi. Yeye akaendelea kupanda kwa mwanga wa simu yangu. Wale watu wamekaa pale kwenye baridi na upepo mpaka kumekucha, kisha jua likawapiga na chupa moja ya maji ya nusu lita. Yule kijana simlaumu hata kidogo. Nilipomuuliza baadaye analipwa ngapi alicheka tu, akabadilisha mazungumzo.

Usiku ule ule lilikuwepo kundi la Wazungu. Watu wanne, waongozaji wawili, kofia ngumu kichwani, fimbo mkononi. Nilipomuuliza mratibu wetu kwa nini sisi hatuna hata kofia, akanijibu, "Kaka, hiyo ni bei ya wageni, nyie wazawa tumewafanyia unafuu." Yaani unafuu ni kupunguziwa usalama? Jiwe linaloporomoka kule juu linauliza pasipoti? Punguzeni chakula, tulaze kwenye mahema ya bei rahisi, hatuna neno. Mwongozaji siyo kitu cha kubana matumizi. Lengai si Kilimanjaro, ambako unaandikishwa getini na kuna kikosi cha uokoaji. Pale mguuni mwa mlima mimi sikuona kitu cha namna hiyo, na mtandao wa simu unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe.

Ya hela nitayapitisha haraka. "Kila kitu ndani" iliishia kwenye kizuizi cha kwanza baada ya Mto wa Mbu, tukaambiwa tuchange ada keshi. Kufika Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mlima, tukachanga tena. Njia ile ina ada zake na wenyeji wote wanazijua, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ilikuwa dharura.

Maporomoko ya Engare Sero ni mazuri, nisiwe mchoyo. Unapandisha na mto korongoni, maji ya magoti, unashikilia mwamba, unatokea kwenye maji yanayomwagika katikati ya minazi mwitu. Flamingo tuliwaona kwa mbali, mstari wa pinki. Robo tatu hivi ya flamingo wote duniani wa ile aina ndogo (lesser flamingo) wanaanguliwa Ziwa Natron, lakini viota viko ndani kabisa kwenye matope ya magadi ambako mtu hakanyagi, na ndiyo maana wanazaliana pale. Anayekuahidi "selfi na flamingo" anakudanganya.

Halafu nyayo za kale za binadamu zilizopo pale Engare Sero. Dereva, kwa kujiamini kabisa, anawaambia watu kwamba zile ni nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6. Laetoli iko upande mwingine kabisa, kusini mwa Olduvai! Za Engare Sero ni za watu kama sisi, zaidi ya 400, zimegandishwa kwenye majivu ya huyo huyo Lengai, na umri wake ni kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Watoto waliokuwemo garini wameondoka na uongo huo kichwani.

Wale wawili walioachwa mlimani wameomba warudishiwe hela, wakajibiwa "hamkufika kileleni kwa uamuzi wenu". Nikauliza kwenye grupu, nikaondolewa. Admin wa grupu la safari, najua unapita humu. Warudishie hela yao, na ondoa ile picha ya lava ya kuazima kabla hujauza safari ya mwezi ujao. Risiti, bango na meseji zote ninazo.