Biopsi ya Shangazi: gumzo la familia

Shangazi: Hamjambo wote. Nimetoka kwa daktari. Ule uvimbe wa titini kauangalia kwa ultrasaundi, sasa anataka biopsi Alhamisi, yaani anitoe kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe. Nimeitikia ili niondoke tu, moyoni sijakubali.

Mama: Pole wifi yangu. Amesema ni saratani?

Shangazi: Hajasema. Ndiyo maana naogopa.

Baba Mdogo: Dada, subiri kwanza. Kila siku tunasikia uvimbe ukiguswa na chuma unatawanyika mwili mzima. Usiuchokoze.

Binti: Shikamooni wote. Baba Mdogo, niwie radhi, hapa nakupinga. Maneno hayo nayasikia wodini kila mara, na yananiumiza, kwa sababu wanaoyaamini hutufikia uvimbe ukiwa umeshakua. Sindano kusambaza saratani ya titi ni nadra mno.

Binti: Na Shangazi, daktari hakufichi kitu. Hajui bado. Picha inaonyesha umbo na ukubwa, haisemi seli ni za namna gani. Mavimbe mengi ya titi yanayopimwa hivi hukutwa si saratani. Ikiwa ndiyo, kinyama hicho hicho kitapimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, ijulikane dawa ipi itakufaa.

Shangazi: Inauma? Niambie kweli mwanangu.

Binti: Ganzi ndiyo inayochoma, sekunde chache. Kisha utahisi kusukumwasukumwa. Ukisikia maumivu sema hapo hapo waongeze ganzi, usijikaze. Ile sindano ya kuchukulia kinyama inalia TAK! na watarudia mara kadhaa. Wengi hushtushwa na mlio kuliko sindano yenyewe. Waombe wakusikilizishe kabla hawajaanza.

Kaka: Mimi nilipokatwa kinyama cha ngozi mgongoni, hakuna aliyeniambia majibu yatatoka lini. Siku 11 silali, nadhani ukimya ule ni habari mbaya. Shangazi, usitoke pale bila kuuliza: majibu lini, na nani atanipa?

Binti: Kweli kabisa kaka. Kinyama kinalowekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinazungushiwa nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vinatiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia avisome kwa hadubini. Wakihitaji rangi za ziada, siku zinaongezeka. Na ukiitwa urudie, huenda sampuli haikutosha tu.

Mama: Wifi, na zile dawa zako za moyo?

Shangazi: Za kuzuia damu kuganda? Nimeziacha tangu jana, nisije nikavuja damu nyingi.

Binti: Shangazi HAPANA 🙏🏾 Usiache mwenyewe. Mpigie daktari sasa hivi, mtajie jina la dawa na siku uliyoacha. Zipo zinazosimamishwa siku kadhaa na zipo zinazoendelea, inategemea dawa na kwa nini unaitumia. Ukiacha kienyeji damu inaweza kuganda ukapata kiharusi. Nipo hapa nasubiri.

Mama: Ee Mungu.

Shangazi: Nimempata. Kasema nimeze ya leo, kesho nimpelekee pakiti zote azione ndipo aamue. Hakujua kama natumia. Hakuniuliza, nami sikusema.

Binti: Alhamdulillahi. Mwambie pia kama kuna dawa inayokudhuru.

Baba Mdogo: Dada, nisamehe. Nilisema kwa woga, tangu tumzike mama nikisikia neno uvimbe naishiwa nguvu. Alhamisi nakupeleka mimi na nitakaa hadi umalize.

Shangazi: Nimekusamehe mdogo wangu. Hata mimi namkumbuka yeye tu.

Kaka: Tuko nawe Shangazi ❤️

Binti: Baba Mdogo, basi haya ni yako pia. Atavilia damu kidogo na kuuma siku mbili tatu, hilo ni la kawaida. Asibebe kizito. Maumivu atumie parasetamoli, aspirini asiongeze bila kuuliza. Damu ikitoka abonyeze kwa kitambaa safi bila kuachia. Isipokoma, au akipata homa, usaha, au titi likazidi kuvimba, mrudisheni hospitali hata usiku. Na majibu yakitoka aombe nakala ya ripoti abaki nayo.

Baba Mdogo: Nimeandika yote.

Shangazi: Nivae nini?

Binti: Blauzi ya vifungo mbele, na sidiria inayokubana vizuri, utaihitaji ukitoka.

Mama: Ninayo ya vifungo, ya buluu. Naileta kesho asubuhi, twende wote na hizo pakiti.