MJADALA: Chalii wa Chuga (kijana wa Arusha) anayetaka kutengeneza filamu zake mwenyewe, abaki huku na harusi au apande basi la Dar?

ChaliiWaSakina (mwanzisha mada)

Wadau salama? Kuna jambo linanichoma muda sasa naona nilimwage hapa tulijadili, bila matusi kama inawezekana.

Juzi dogo mmoja niliyekuwa namfundisha kuediti kaniaga anahamia Dar. Kauza kamera yake ya pili, kabaki na begi na laptop, ananiambia broo huku Arusha hamna filamu, huku kuna harusi na twiga. Nilicheka, ila usiku usingizi ukagoma mana dogo anajua, lile jicho lake mimi sina na sitakuja kuwa nalo.

Sasa msimamo wangu ndo huu mnishambulie. Anayetafuta kazi kwenye filamu aende Dar, sawa kabisa. Anayetaka kutengeneza filamu ZAKE abaki huku. Dar ukifika unamezwa na tamthilia. Toka biashara ya CD ife, chaneli za TV kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo ndo zinalisha watu wengi na mimi sizibezi, lakini pale wewe ni mtu wa kamera ya pili kwenye stori ya mtu mwingine, unatoka alfajiri unarudi usiku, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Ile skripti yako inakaa kwenye laptop mpaka laptop inakufa.

Mimi huku nashika harusi, kipaimara, sendofu, ubarikio, na msiba pia. Disemba hii iliyoisha Wachaga walivyopanda nyumbani nilipiga shughuli 9 ndani ya wiki mbili, nimepiga ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) anaingia ukumbini na majani mdomoni mpaka namuota. Hiyo hela ndo prodyuza wangu. Hakuna mtu wa kuniambia hapo mezani weka juisi ya mdhamini, hakuna wa kuniambia huyu dada muweke hata kama hajui kuigiza. Filamu yangu fupi ya dakika 14 niliyopigia Ngaramtoni ilikula milioni 1 na laki 3, karibu nusu ilitoka kwa bibi harusi mmoja wa Usa River ambaye mpaka leo hajui kama alifadhili sanaa.

Alafu tuambiane ukweli, watu wanatoka duniani kuja kupiga hapa. Ile Hatari! ya John Wayne ya 1962 wamepigia huku huku, Momella na kwingine. Royal Tour, ile filamu ya utalii ya Rais Samia ya 2022, ikitoka Marekani uzinduzi wa hapa nyumbani ulianzia hapa hapa Arusha, ukumbi wa AICC. Sisi tunapishana nao njiani tukiwa kwenye basi la Dar.

Leteni hoja.

Dar_Kwanza

Mkuu umeandika vizuri ila unajidanganya. Filamu siyo kamera, filamu ni watu. Ukitaka mtu wa sauti anayejua kazi, mtu wa taa, mtu wa kukumbuka kwamba sini iliyopita msanii alikuwa na saa mkono wa kushoto, huku napiga simu tatu nawapata kabla chai haijapoa. Huko Arusha utampata mtu wa sauti? Utampata MC.

Na usiseme Dar hamna filamu huru. Binti ya Seko Shamte ilitoka 2021 ikafika mpaka Netflix. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji mwaka huo huo ilienda Toronto, na 2022 ndo tukaipeleka kugombea Oscar, mara ya kwanza toka 2001. Hao walikaa mjini na watu wao wakajengana miaka, siyo wamekaa wanasubiri ndafu.

ChaliiWaSakina

Vuta N'Kuvute ilipigiwa Zanzibar kaka, siyo Kariakoo. Na hao uliowataja hawakufika kule kwa kushika kamera ya pili kwenye tamthilia.

Dar_Kwanza

Kupigiwa Zanzibar na timu kupatikana Zanzibar ni vitu viwili, usichanganye.

njaa_ya_mji

Fungueni kibanda cha chipsi wote wawili

MekuWaKiboriloni

Mimi niko Moshi, nakubaliana na mwanzisha mada kwa kichwa ila maisha yangu yanamkataa.

Nilianza filamu yangu miaka miwili iliyopita, ya dakika 70, stori ya ndugu wawili wanaogombea kihamba (shamba la ukoo) baba yao alipofariki. Hela ya harusi ilikuwepo kweli. Ila harusi zinakupa hela zinakunyang'anya wikiendi, na wasanii wangu wote wana kazi, mmoja mwalimu, mwingine ana duka la vifaa vya umeme pale Double Road, siku wanazopatikana ni Jumamosi na Jumapili. Ambazo ndo siku za harusi! Kwa hiyo sini moja mwezi huu, nyingine baada ya miezi miwili, yule anayecheza mdogo mtu kanenepa katikati ya filamu, anaingia mlangoni mwembamba anatokea upande wa pili ana kitambi. Nimebakiza sini 11 mpaka leo.

Nilijaribu na kingine mtanicheka. Si tunachangishana harusi? Nikachapisha kadi za mchango wa filamu kabisa, nikaunda kamati, nikamweka mjomba mwenyekiti. Kikao cha kwanza watu 14, mjomba swali lake la kwanza "na chakula siku hiyo kitakuwepo?" Nilipata laki 4 na elfu 20 kati ya milioni 3 niliyopanga. Mtu huyo huyo wiki hiyo hiyo katoa laki na nusu harusi ya mtoto wa jirani. Mana harusi ukichanga unakula, unacheza, na wewe kwako ukiwa na shughuli watarudisha. Filamu atarudisha nani?

Mama_Mekapu

Nimesoma kimya kimya ila hapa nimeshindwa. Kaka zangu mbona hesabu zenu hazina mishahara ya watu? Milioni 1 na laki 3 kwa dakika 14, niambie humo msanii alilipwa shilingi ngapi, na wa mekapu.

Mimi nafanya mekapu za maharusi hapa Kijenge na hizo "filamu huru" nimeshaitwa sita. Zote ni "dada tunajitolea, ikitoka tutakumbukana". Nimekaa kwenye jua masaa tisa mazima natengeneza kidonda cha bandia kwa chipsi mayai na soda moja, poda ni yangu, brashi zangu, nauli ya kifodi yangu, alafu filamu ikatoka kwenye majina ya mwisho simo. Bibi harusi analia akitoka kwenye kioo ila analipa. Kwa hiyo uhuru mnaousema ni wenu, sisi wengine tunaubeba mgongoni.

Huko Dar kwenye tamthilia najua wanachelewesha, ila kuna mtu wa kumdai.

ChaliiWaSakina

Dada umenipiga pa kuumia. Wasanii niliwapa elfu 20 kwa siku na chakula, mekapu alifanya shemeji yangu. Sikumlipa.

Mama_Mekapu

Asante kwa kusema ukweli, wengi wangenitukana hapa.

bila_kibali

Mnazungumzia hela wakati shida ya kwanza ni vibali. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya 1976, siku hizo kupiga filamu ni lori zima la mitambo. Leo chalii na simu yake anatakiwa apeleke skripti apate kibali kama kampuni kubwa tu. Nimewahi kusimamishwa maeneo ya Mnara wa Saa na jamaa mmoja, kaniuliza kibali, nikamwambia ni zoezi tu, kakaa na tripodi yangu mpaka jioni. Na hao hao wanapiga selfi na watalii.

Na mliokimbilia YouTube 2018 mnakumbuka kanuni za maudhui mtandaoni, ada ya leseni milioni moja. Watu walizima chaneli.

Mzee_wa_Safari

Vijana kibali siyo adui. Mimi ni dereva wa watalii miaka mingi nimebeba wazungu wa kupiga wanyama, hao wanakuja na mafaili manene kama Biblia, kibali cha Bodi ya Filamu, cha hifadhi, droni mpaka TCAA, mamlaka ya anga, na hawalii. Nyie anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, mara nyingi mtu mwenyewe hata hajawahi kutembelewa na kijana mwenye skripti, anafurahi.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Hao wazungu wakija kazi wanazotupa ni kuendesha, kupika na kubeba. Wiki tatu kijana kabeba tripodi ya mtu Ndutu, siku ya mwisho anaondoka na bakshishi na fulana. Hajaambiwa hata kwa nini ile lenzi ilibadilishwa saa kumi jioni. Hapo ndo serikali ingetia mkono, ukija kupiga kwetu kuna kijana wa hapa anakaa nyuma ya kamera, siyo nyuma ya sufuria. Hilo mngelipigania mngepata wazee wa kuwaunga mkono.

Dar_Kwanza

Hapo mzee nakuunga mkono mia kwa mia. Ila bado hao vijana wakishajua watakuja Dar 😂

ChaliiWaSakina

Nimekaa na maneno ya Meku na ya dada toka jana. Hesabu yangu ilikuwa na tundu nakubali. Sasa kuna kitu nimekiona kwenye daftari langu la kazi nataka mnipimie. Kwaresma sina harusi. Nimerudi nyuma miaka mitatu, kila Kwaresma ukurasa mweupe, makanisa hayafungishi, na Ramadhani ikiangukia humo humo ndo kimya kabisa. Huwa nautumia huo muda kulalamika sina hela. Je ile hela ya Disemba nisiiguse, nifunge wiki mbili za Kwaresma nipige filamu nzima mfululizo, wasanii walipwe kwa siku kwa mkataba, wale wenye kazi waombe likizo mapema? Wikiendi zote ni zetu.

MekuWaKiboriloni

Mangi hii ni akili. Mimi sini zangu 11 ni siku 4 tu.

Mzee_wa_Safari

Gari mkitaka langu ni Aprili na Mei, hapo wageni hamna linakaa tu chini ya mwembe. Februari msinipigie niko Ndutu nyumbu wanazaa.

Msauti_wa_Pasua

Nyie mnapanga kalenda ila hamjanyeshewa. Mimi narekodi sauti, nipo Moshi (ndiyo ndugu yangu wa Dar, tupo). Masika ikishaanza kuanzia katikati ya Machi hivi, sahau sini za ndani. Bati. Mvua ikigonga bati msanii anaweza kulia machozi ya kweli mbele yako na kwenye hedifoni mimi nasikia mahindi yanakaangwa. Ukisema tutarudia sauti baadaye studio, ndo kule mdomo unafunga neno bado linakuja, mnaijua hiyo, kwenye vibanda umiza, zile kumbi za video za mtaani, watu walikuwa wanapiga miluzi.

Ninavyofanya mimi: sini zote za maongezi ndani ya nyumba wiki ya kwanza ya Kwaresma kabla mvua haijakolea. Mvua ikija mnahamia sini za nje zisizo na maneno, ukungu wa Machame asubuhi mwezi wa nne huwezi kuununua kokote. Kama lazima muongee ndani wakati wa mvua tafuteni nyumba ya makuti au yenye silingibodi nzito, na bado mtandike magodoro juu darini. Pasua nimewahi kurekodi saa kumi alfajiri, kati ya disko la jirani kuzimwa na adhana, dakika kama 50 za ukimya, tulimaliza sini tatu.

Bei yangu siyo ya kujitolea. Namuunga mkono dada wa mekapu.

bila_kibali

Sasa gari lipo Aprili, harusi hazipo kuanzia Februari, mvua Machi. Mnapiga lini?

Msauti_wa_Pasua

Ndani Februari mwishoni, gari na nje Aprili. Anzeni na sini za kukaa. Nani kasema filamu lazima ianze na gari linapita?

Dar_Kwanza

Haya mmenifurahisha, nakubali mna mpango. Ila mtaiuza wapi? YouTube kulipwa matangazo mpaka ufikishe wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya mwaka, na watazamaji wa Bongo matangazo yao hayalipi kama ya Marekani. Mkishamaliza mtaleta Dar kwenye televisheni, au mtapeleka ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, mkakae Ngome Kongwe mpigiwe makofi mrudi na deni.

MekuWaKiboriloni

Ya kwangu Disemba naionyeshea kijijini. Ukumbi wa kanisa, watu wote wapo nyumbani, kiingilio elfu 3, na safari hii mjomba chakula kitakuwepo, ananunua. Filamu ya kugombea kihamba, Uchagani, Disemba. Kama haitajaa basi mimi sijui watu wangu.

Mama_Mekapu

Hiyo nakuja mwenyewe na mbege naleta.

ChaliiWaSakina

Nimempigia yule dogo. Yuko Mbezi, anasubiri kuitwa tamthilia moja, wiki ya tatu hii. Nimemwambia Februari mwishoni wiki mbili, kamera anashika yeye siyo mimi, malipo kwa siku kwa karatasi. Kaniuliza ni bure tena? Nikamwambia nimesema kwa karatasi. Kanyamaza, alafu kasema atafikiria, tamthilia wakimwita kabla ya hapo anaenda huko. Sijamlaumu.

Msauti nitumie bei ya siku 6 inbox, na hayo magodoro niambie yanatakiwa mangapi.