Nyie wa "chemsha dakika 10 itaganda tu", tofi zangu zimekuwa uji!!

Jamani nina hasira, mniache niseme. Nimetengeneza tofi za maziwa kwa kufuata video, jamaa kasema chemsha dakika 10 ukiona nzito mimina kwenye trei. Nikachemsha dakika 10 huku saa naiangalia, nikamimina, nikasubiri mpaka asubuhi, naenda kukata kisu kinazama tu alafu nilipopita panajifunga tena kama hapajaguswa. Ukichukua kipande kinavutika na karatasi yake mgongoni.

Nikamuuliza kwenye komenti, jibu: "weka friji". Haya nikaweka. Ikakaza, nikashangilia, kuitoa tu muda si mrefu ishalala kwenye sahani. Friji inaipoza tu bwana, maji yaliyobaki ndani yanaenda wapi??

Na shida yote ndo hiyo, maji. Sufuria yako pana yangu nyembamba, moto wako mkali wangu wa wastani, sasa dakika 10 zako zinanihusu nini? Maji yamepungua kiasi gani unajulia kwenye joto. Tofi laini ya kutafuna inataka nyuzijoto kama 118 mpaka 120, ukiitoa 112 umepata kitu cha kumwagia aiskrimu. Zile pipi ngumu za kuvunjika ni mpaka 150 hivi. Huyu mtu video nzima hajataja namba hata moja, ila muda wa kuomba tumfolo alikuwa nao.

Na kama huna kipimajoto si angesema basi dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi ulikusanye kwa vidole? Likisambaa bado, likiwa kadonge kanakolegea ukikatoa kwenye maji bado, likishika umbo lake epua. (Wenye kipimajoto kijaribuni kwanza kwenye maji yanayochemka, kikisoma 97 badala ya 100 basi na kwenye tofi punguza hizo 3 kwenye namba ya kuepulia.)

Na msinambie nitupe, sukari yote ile na siagi! Nimekaa nabandua karatasi moja moja nakwangua na kijiko, nikarudisha kila kitu kwenye sufuria na maji kidogo, moto mdogo mpaka ikayeyuka yote, nikawa napangusa kingo za sufuria kwa brashi yenye maji maana zile chembe za sukari zikidondokea ndani unakuja kutafuna mchanga, alafu nikaongeza moto taratibu mwiko haukauki mkononi kwasababu maziwa yanashika chini ukigeuka tu. Kufika 119 nikaepua. Safari hii zimekatika! Rangi imekolea kidogo kwa kupikwa mara mbili, ladha ndo imezidi kuwa tamu. Ingeungua ndo ningetupa kweli, ule uchungu hautoki.

Kuna mwingine kaja kunambia ni unyevu wa hewa. Unyevu unafanya tofi inate kwa nje ndo maana zinafungwa moja moja, lakini trei nzima kuwa uji usiku mmoja? Acheni kumtetea.

Nimerudi kwenye video yake nikamwandikia haya yote, namba na kila kitu. Kaniwekea kopa. Video iko vilevile, dakika 10.