Simba wangu wote wametoka ukungu, nikope ninunue lenzi kubwa au shida ni mimi mwenyewe?

Kamera ya Nyamagana

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na send-off hapa Mwanza, mwaka wa sita sasa, kazi inanilipa kodi na ada ya mtoto namshukuru Mungu. Sasa mwezi uliopita ofisi ya wife waliandaa safari ya Serengeti ya siku moja, tukaingilia geti la Ndabaka, mimi nikajiambia hii ndio nafasi yangu ya kuanza kupiga wanyama maana nina ndoto hiyo toka zamani. Nikabeba kamera yangu ya kazini na lenzi ya 75-300 niliyonunua mtumba.

Daah. Picha 600 na kitu, hakuna hata moja ya kumuonyesha mtu. Simba watatu walikuwa chini ya mti, watu wote kwenye Costa wanashangilia, mimi nabonyeza tu, kufika home nafungua kwenye laptop naona kama nimepiga magunia ya mkaa yamewekwa kwenye nyasi. Wife alicheka mpaka nikaudhika.

Kuna jamaa ananiuzia lenzi ya 150-600 kwa milioni 4, nafikiria kuchukua mkopo wa kikundi. Nichukue? Au kuna kitu sikijui? Msinitukane sana.

mlamba_asali

Mkopo wa kikundi ukanunue lenzi ya kupiga simba? Simba anakulipa nini mkuu. Bibi harusi analipa.

Mama Kidole Chepesi

Achana na huyo. Kaka kabla hujakopa hata shilingi, fungua picha moja ya simba kwenye kompyuta, angalia taarifa zake, shata spidi ngapi (kamera ilifunguka kwa muda gani), ISO ngapi (wepesi wa kamera kupokea mwanga), lenzi ilikuwa mm ngapi (umevuta karibu kiasi gani). Halafu ilikuwa saa ngapi na gari lilikuwa limezimwa au linaunguruma. Leta hapa.

Kamera ya Nyamagana

Nimeangalia dada. 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f8, ISO 100, mm 300. Saa 6 na robo mchana. Gari halikuzimwa, dereva alisema akizima AC watu watalalamika.

Mama Kidole Chepesi

Hahaha umejichinja mwenyewe. Hiyo ni seti ya ukumbini kaka, 1/125 na flashi, mwanga wa flashi ndio unamgandisha bibi harusi. Porini flashi yako haifiki popote. Mm 300 kwenye kamera hizi za sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni kama umeshika mm 480, mkono ukitetemeka kidogo tu picha imekwenda, kwa hiyo usishuke chini ya 1/500 hata kama mnyama amelala, na akianza kutembea panda 1/1000, ndege akiruka 1/2000. ISO iache ipande yenyewe mpaka 1600 au 3200. Najua nyie wa harusi mnaogopa chenga, vile vidoti vya ISO ikipanda, kama ukoma ila chenga unazipunguza kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haina dawa.

Fokasi pia iweke ile ya kufuatilia mfululizo, na nukta moja tu, iweke kwenye jicho. Ukiiachia kamera ichague itachagua jani lililo mbele ya simba, nakuapia.

Dereva wa Vumbi

Mimi naendesha watalii mwaka wa 11 sasa, nimebeba wazungu wenye lenzi ndefu kama bomba la maji na wamerudi na picha mbovu kama zako kwa hiyo usiumie. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hilo la saa 6 mchana. Ardhi ikishapata moto hewa juu yake inacheza, si unaonaga lami kwa mbali inavyong'aa kama maji? Sasa simba yuko mita 80, katikati yenu kuna hiyo hewa inayocheza, hata lenzi ya milioni 30 itakupa ukungu, na ukivuta karibu zaidi ndio unaukuza huo ukungu. Dawa ni kuwahi au kuchelewa, saa 12 asubuhi geti linafunguliwa mpaka kama saa 3, halafu jioni kuanzia saa 10.

Ukitoka Mwanza siku hiyo hiyo huwezi kuwahi. Lala Lamadi, hapo geti unaligusa kabisa, gesti zipo za bei ya kawaida. Na usije na Costa. Tafuta wenzako watatu mchange gari la kufunguka juu, na mwambie dereva mapema kabla hamjaingia kwamba wewe ni wa picha, akisimama azime injini na jua liwe mgongoni kwako. Dereva asipoambiwa atakukimbiza kutafuta chui mchana kutwa. Usimpe hela atoke nje ya barabara lakini, wala usimpigie mnyama mluzi ageuke, faini ni yake na kibali ni chake.

Mama Kidole Chepesi

Na mfuko wa maharage! Kata mguu wa jinzi kuukuu, jaza maharage au mchele kilo mbili, shona pande zote, laza dirishani halafu lenzi juu yake. Tripodi ndani ya gari ni usumbufu mtupu.

mlamba_asali

Gari likiharibika mnapika.

Kijana wa Lang'ata

Sasa boss. Mimi niko Nairobi, nilianza kama wewe. Kwanza piga ndege wa mtaani kabla ya kulipia mbuga. Huko Mwanza mko na wale korongo vipara na mwewe kila mahali, mimi ningekuwa huko singekuwa na shida ya mazoezi.

Dereva wa Vumbi

Kweli kabisa. Nenda mwaloni Kirumba asubuhi, mwewe wanashuka kwa samaki. Na Saanane ipo hapo hapo mjini, boti dakika chache tu, hifadhi ya taifa kamili, swala wapo, pimbi wamejaa kwenye mawe. Mzungu anatoka kwao analipa dola nyie mnaiangalia tu kwa dirisha.

Kamera ya Nyamagana

Wakuu narudi na mrejesho, zimepita wiki mbili. Lenzi sijanunua. Nimeenda Saanane jumamosi na mguu wa jinzi wa wife (hajajua bado). Nimepiga 412, nzuri ni 9. Mwewe wote nimewakosa, nimepata mikia tu. Ila kuna pimbi mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa jiwe, nikalaza kamera chini kabisa usawa wake, tumbo langu kwenye mawe, 1/800, ISO 1250, nikamsubiri kama dakika 20 hivi mpaka akapiga miayo. Meno mawili yale ya mbele yanaonekana, ndevu moja moja unazihesabu, na kwenye jicho kuna kitone cha mwanga na ziwa ndani yake.

Dereva, nyumbu wanafika lini upande wa Ndabaka?

Dereva wa Vumbi

Mei kuelekea Juni, ila wanategemea mvua, hawana kalenda. Nitakushtua.

mlamba_asali

Pimbi iko wapi? Tupia picha tuone hayo meno.

Kamera ya Nyamagana

Bando limekata mkuu, nasubiri la usiku.

mlamba_asali

Niko hapa nimekaa.