Naomba ushauri: nipime vipi mafanikio yangu kama si kwa mshahara?
Ndugu zangu, nafundisha Kiswahili sekondari ya serikali hapa Jinja, Uganda. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa masomo ya sanaa tumeachwa mbali sana. Nyumbani wananiuliza nina nini cha kuonyesha, na mjomba anasisitiza nikauze vipuri Kampala.

Lakini juzi sokoni mama mmoja muuza mukene (dagaa) alinifungulia daftari lake: oda za wateja wa Busia upande wa Kenya, zote zimeandikwa kwa Kiswahili safi na bintiye, mwanafunzi wangu. Nilifurahi kuliko siku ya mshahara.

Mliobaki kwenye kazi mnayoipenda, mnajipima kwa lipi? Na wazee mliwaelezaje wakaelewa?