Tupeane uzoefu: uamuzi uliodhani ni wako peke yako

Ndugu zangu wa Mwanza na visiwani, Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, aliandika mwaka 1814 kwamba akili ambayo ingejua hali ya kila kitu kwa wakati mmoja, pamoja na nguvu zote zinazokisukuma, ingeyaona yajayo kama yaliyopita. Sidhani tunahitaji kufika mbali hivyo ili kuitilia shaka hiari yetu, kwa maana ukoo na malezi vinatosha. Naomba kila mmoja aeleze uamuzi wake na kilichouamua.

Nyumbani kwetu Kisesa sote ni Bagalu, kimojawapo cha vyama viwili vikuu vya ngoma vya Wasukuma; kingine ni Bagika. Baada ya mavuno, mashindano ya ngoma na Bagika yanapoanza, nilikuwa nikiushabikia upande wetu kwa moyo wote, na aliyeniuliza sababu nilimtajia sauti ya manju wetu na ukali wa wachezaji. Kisha binamu yangu, aliyelelewa kwa wajomba Bagika, akanitajia sababu zile zile za kuwapenda Bagika. Hata hivyo sikulazimishwa. Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alifundisha kwamba aliye huru ni yule atendaye atakavyo pasipo minyororo, hata kama utashi wake una chanzo, na mimi namkubali.

Mama wa Kirumba: Mimi nauza dagaa mwaloni. Mama yangu alikuwa akianika dagaa, nasi mabinti tulizifuata ratiba za mwezi: giza likiingia wavuvi wanatoka na taa, asubuhi tunaanika na kugeuza, mbalamwezi ikiwaka tunapumzika. Hadi leo nikiwasugua dagaa kiganjani najua kama wamekauka vizuri au wamechanganyika na mchanga. Ujuzi huo sikuuchagua. Lakini kuacha kuwauzia madalali na kusafirisha mzigo mwenyewe ni jambo ambalo mama hakuwahi kuliwaza, na hilo nalihesabu kuwa langu.

Mkulima wa Magu: Mke nilimchagua mwenyewe, na wazazi hawakunipinga. Mwaka wa kuoa, hata hivyo, uliamuliwa na ndoa ya dada yangu, kwa kuwa ng'ombe wa mahari yake ndio waliotoka tena kwenda kwa wakwe zangu. Sijawahi kumuuliza dada kama alipoikubali ile posa alikuwa akimwaza mwanamume yule au alikuwa akiniwaza mimi.

Mleta mada: Ndugu, muulize, na akiridhia utuandikie alivyojibu, maana hapa ameandika mwanamume aliyelipiwa mahari, na mwanamke aliyeolewa kwa namna hiyo hajaandika hata mmoja.